Maji Yaliyowekwa Rumande

Nchi hiyo ipo mpaka leo. Jina lake halitajwi hapa, si kwa woga, ila kwa sababu kamati iliyoteuliwa kulichagua jina hilo ilikuwa bado haijarudi kutoka mapumziko ya chai.

Ilikuwa nchi yenye bahati. Nchi nyingine zina sheria moja, na hiyo moja inawashinda. Yenyewe ilikuwa na sheria tatu. Kulikuwa na Sheria ya Serikali, iliyokuja na magari. Kulikuwa na Sheria ya Mila, iliyokuwepo kabla ya magari na kabla ya barabara. Na kulikuwa na Sheria ya Mradi, ambayo wafadhili waliileta ndani ya maboksi pamoja na kofia. Kwa miaka mingi sheria hizo ziliishi kama wake wenza wenye akili: kila moja na jiko lake, na mwananchi akala pale alipokuta chungu kimeiva.

Halafu Waziri wa Sheria Zote akapata wazo.

Alilileta wazo hilo mpaka kijiji cha Kimbatu, huko juu milimani, akiwa na msafara uliozima mara mbili kwenye kona moja. Alipanda jukwaani akafuta jasho.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Watu wenye wivu wanasema kuwa na sheria tatu ni vurugu. Nawauliza, vurugu ni nini? Vurugu ni utajiri ambao haujapangwa! Kuanzia leo sheria zote tatu ni sawa. Hakuna kubwa, hakuna ndogo, hakuna ya kuipita mwenzake mlangoni. Na ili pasiwe na sheria itakayojisikia mnyonge, jambo lolote la kijiji litafanyika pale tu ambapo sheria zote tatu zimelikubali kwa pamoja!"

Watu walipiga makofi kwa nguvu, kwa kuwa harufu ya pilau ilikuwa imeanza kutoka nyuma ya shule, na kila mtu alijua kwamba hotuba inayopigiwa makofi huisha mapema.

Nakiete naye alipiga makofi, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye maharage.

Shamba la Nakiete lilikuwa dogo, limekaa kwenye bega la mlima, kiasi cha ng'ombe wawili kulala na kujigeuza. Ila mwaka huo maharage yalikuwa yametoa maua mpaka udongo hauonekani, na harage likishatoa ua halisubiri mkutano. Likipata maji siku hizo hufunga maganda. Likikosa, maua hudondoka na kinachobaki ni majani ya kulishia mbuzi. Mwaka uliopita yalidondoka. Nyumba ya Nakiete ilikula viazi vikuu asubuhi na hadithi jioni, na binti yake mdogo, Ndeonasia, alijua kuuliza "Tunakula nini?" kabla hajajua kuuliza "Kwa nini?"

Safari hii haitakuwa hivyo, alijiambia. Zamu yake ya maji ilikuwa Alhamisi.

*

Maji ya Kimbatu yalikusanyika usiku kucha kwenye bwawa la udongo lililo juu ya mashamba. Mdomo wa bwawa ulizibwa kwa kipande cha mgomba kilichosindiliwa tope. Asubuhi, mwenye zamu alipanda na jembe lake, akauchomoa mgomba, na maji yakateremka kwa mfereji mpaka shambani kwake.

Nao watu wa Kimbatu walikuwa na desturi yao. Anayekwenda kufungua maji hasemi neno. Tangu anapovuka kizingiti cha nyumba yake mpaka maji yatoke, mdomo wake umefungwa kama mdomo wa bwawa lenyewe. Ukikutana naye njiani unapisha, unaangalia pembeni, unakohoa kidogo, basi. Wazee walisema maji ni mgeni mwenye haya. Yakisikia makelele yanarudi mlimani. Na atakayetamka neno, hata "ee", anapelekwa mkiani: anasubiri mpaka kijiji kizima kimalize zamu zao ndipo arudiwe.

Alhamisi hiyo Nakiete alivuka kizingiti alfajiri, jembe begani, midomo imebanwa. Alipofika bwawani alikuta meza.

Nyuma ya meza alikaa Bwana Hezron Kitundu, Afisa Uwiano wa Sheria, aliyeachwa kijijini na Waziri kama mtu anavyoacha mwavuli. Kulia kwake alisimama Dada Violeth wa Mradi, amevaa kofia iliyoandikwa HAKUNA TONE BILA SAUTI. Kushoto alikaa Mzee Mbonea, mwangalizi wa mfereji, ambaye tangu juzi alikuwa anaitwa Mheshimiwa Mbonea na alikuwa hajajua bado afanye nini na heshima yenyewe.

"Karibu, mama," alisema Bwana Kitundu. "Taja jina lako kamili."

Nakiete alitazama mgomba.

"Jina, mama. Sheria ya Serikali inasema hivi: mwombaji wa maji atatamka kwa kinywa chake jina lake, jina la mto na sababu ya kiu."

Nakiete alimtazama Mzee Mbonea.

"Huyu mama ni kiziwi?" aliuliza Bwana Kitundu.

"Si kiziwi," alisema Mzee Mbonea. "Yuko njiani."

"Njiani kwenda wapi? Si huyu hapa amefika?"

"Hajafika mpaka maji yatoke. Na akisema neno kabla hayajatoka, namrudisha mkiani. Mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Hata angekuwa mama yangu mzazi."

Dada Violeth aliinama akamshika Nakiete bega. "Mama yangu, usiogope. Vunja ukimya! Hapa ni mahali salama. Sheria ya Mradi inasema mlengwa asiposikika hajashirikishwa, na asiposhirikishwa hapewi. Sema chochote kinachokutoka moyoni."

Yaliyokuwa moyoni mwa Nakiete wakati ule hayakufaa kusemwa mahali salama. Alinyoosha kidole. Alionyesha bwawa, kisha mfereji, kisha chini kule ambako shamba lake lilikuwa jeupe kwa maua. Mtoto wa kunyonya angeelewa.

Bwana Kitundu alitikisa kichwa kwa huzuni. "Kidole si lugha ya taifa."

"Mpe maji, bwana," alisema Mzee Mbonea. "Kwetu sisi amekwisha kubaliwa."

"Kwenu nyinyi, ndiyo. Lakini akinyamaza, serikali inakataa na Mradi unakataa. Akisema, mila inakataa. Na sheria zote ni sawa. Je, Mheshimiwa Mbonea, unataka sheria yako iipite ya serikali mlangoni?"

Mzee Mbonea alifikiria. Hakuwahi kuona mlango wowote hapo bwawani, lakini swali liliulizwa kwa heshima kubwa mno. "Hapana," alisema. "Ila na mimi sitaki kupitwa."

"Vizuri sana. Basi sheria zikigongana, kile kinachogombaniwa kinazuiliwa. Angekuwa ng'ombe tungemfunga kituoni." Bwana Kitundu alisimama, akavuta koti lake likae sawa. "Kwa mamlaka niliyopewa, haya maji nayaweka rumande."

Wote watatu waliridhika. Serikali haikushindwa, mila haikushindwa, na Dada Violeth alifurahi kuliko wote, kwa sababu Mradi ulikuwa na fungu zima la kutatua migogoro na mpaka siku hiyo ulikuwa umekosa mgogoro. Mgomba ulipigwa lakiri nyekundu. Nakiete alibaki na jembe lake.

*

Jambo ambalo halikumjia mtu akilini ni hili: kwa kuwa maji hayakutoka, Nakiete alikuwa bado yuko njiani.

"Hata akirudi nyumbani?" aliuliza mumewe, Kiangi, alipokwenda kwa Mzee Mbonea kupata uhakika.

"Hata akilala kitandani. Njia ni njia."

"Mpaka lini, mzee?"

"Kesi itakapoisha."

Jioni ya kwanza Kiangi hakuona ubaya. Alikula, akasimulia habari zake zote mpaka mwisho, na hakuna aliyemkatiza. Alilala akiwa na furaha kama bwana harusi. Jioni ya pili alisimulia tena, kisha akakaa akimtazama mkewe anavyokoroga uji.

"Mama Ndeo," alisema, "leo nimeuza jembe la akiba."

Nakiete aligeuka. Macho yake yalisema mambo mengi.

"Nilikuwa natania. Nilitaka kuona." Akasogea karibu na moto. "Jana nilikosea kufunga zizi, mbuzi wamelala nje. Unajua hilo? Nigombeze basi, hata kidogo tu! Nyumba imekuwa kama ya wageni."

Nakiete alimwekea uji. Aliuweka kwa nguvu kidogo, na Kiangi akashukuru kwa hicho hicho.

*

Mlinzi wa maji alikuwa mgambo Elifuraha, rafiki wa Kiangi tangu utotoni. Alipewa rungu, filimbi na amri ya kuhakikisha kwamba mtuhumiwa hatoroki, hapungui, wala haongezeki.

Shida ilianza asubuhi ya kwanza. Mlimani, chemchemi haikuwa imepata habari za kesi, na maji mapya yaliendelea kuingia bwawani. Elifuraha alipiga filimbi. Hayakusimama. Alimwita Bwana Kitundu.

"Mkuu, haya ya leo hayakuwepo siku ya tukio. Hayana kosa. Niyaache yapite?"

"Utayatenganishaje na yale ya Alhamisi?"

"Ya Alhamisi yalikuwa na rangi ya uchovu kidogo."

Bwana Kitundu alitafakari huku ameshika kidevu. Akaamua kwamba maji yoyote yanayoingia kwa hiari yake ndani ya rumande yanajihesabu yenyewe kuwa washirika. Kufikia jioni bwawa lilijaa likaanza kumwagika pembeni, kuelekea korongoni ambako hakuna aliyelima kitu. Yale yaliyomwagika yalitangazwa kuwa watoro. Vyura, waliokuwa wanaingia na kutoka bila kibali, walipewa onyo la mdomo.

Nakiete alikuja kila siku. Watuhumiwa wa nchi hiyo walikuwa na haki ya kutembelewa, na Elifuraha alimruhusu akae ukingoni, mradi asilete chombo. Mara ya kwanza ilibidi amkague.

"Usinichukie, shemeji," alisema akipapasa kikapu. "Kuna kikombe humu?"

Nakiete alitikisa kichwa.

"Kibuyu? Kata? Sifongo?" Alisita. "Fungua viganja nione. Ee. Hivyo viganja navyo vinaweza kuchota, lakini sheria haijavifikia bado."

Alikaa naye pale, wawili, wakiyatazama maji yakimwagikia korongoni. Chini yao shamba lilionekana lote. Majani ya maharage yalikuwa yameanza kujikunja pembeni kama masikio ya mbwa aliyegombezwa. Nakiete aliyatazama mpaka macho yakamjaa.

"Shemeji, tafadhali," alisema Elifuraha kwa sauti ya kubembeleza. "Lile chozi lifutie huko. Likidondoka humu nitaambiwa nimeachia kielelezo kiongezwe."

Nakiete alifuta chozi kwa kanga. Elifuraha alitazama kando na kukohoa kidogo, kama mtu aliyekutana naye njiani.

*

Sasa, maadamu Nakiete hajafungua, aliyemfuata hakuweza kufungua, wala aliye nyuma ya huyo. Zamu zilirundikana mlangoni kwake. Aliyekuwa anafuata ni Mama Penieli, dada wa Kiangi kwa baba mdogo, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa umepumzika tangu siku ya kubatizwa. Alikuja akaketi kwenye kigogo uani.

"Wifi yangu kipenzi," alianza. "Sema neno moja tu uende mkiani, mimi nipite. Mimi nitawaambia kila wanachotaka. Sababu ya kiu? Nitawapa sababu mpaka waombe maji wao. Mila nitaiomba radhi baadaye. Radhi ni kuku. Nikikosa maharage nitaomba radhi kwa nani?"

Nakiete aliendelea kupepeta.

"Haya. Tuseme mumeo hujui anapita wapi jioni? Hujui? Hata mimi sijui. Lakini uliza basi!"

Ungo ulipanda, ungo ukashuka.

"Ule ugali wako wa siku ya msiba wa mjomba," alisema Mama Penieli, akisogea karibu, "ulikuwa mbichi katikati."

Ungo ulisimama hewani. Kwa kitambo kidogo hatima ya shamba zima ilining'inia kwenye ulimi wa Nakiete. Maana ugali ule haukuwa mbichi, na mtu aliyeshika mwiko siku ile, kama ukweli ungetafutwa, alikuwa Mama Penieli mwenyewe. Maneno yalipanda mpaka kooni, yakagonga meno. Nakiete alijaza mdomo pumba, akatafuna.

Mama Penieli alimtazama akitafuna, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, na mwisho wake akachukua ungo wa pili akamsaidia. "Wewe ni jiwe, wifi," alisema. "Lakini maharage yangu nayo yana maua."

Kesho yake Dada Violeth aliendesha semina ya siku nzima iitwayo Pazeni Sauti, na mlengwa alikuwa Nakiete peke yake. Alionyeshwa jinsi ya kusimama, jinsi ya kutanua kifua, jinsi ya kupiga ukelele wa kujiamini. Wanawake walioletwa kutoka kijiji cha jirani walipiga ukelele mpaka kuku wa Kimbatu wakakataa kutaga. Nakiete alikaa kiti cha mbele, kimya. Jioni Dada Violeth aliwaambia wafadhili kwa simu kwamba mshiriki alishiriki kwa kina kisicho cha kawaida.

Bwana Kitundu naye alikuja na tafsiri yake. "Aliyenyamaza amekubali," alitangaza.

"Amekubali nini?" aliuliza Kiangi.

"Hilo tutamuuliza atakapoanza kusema."

Siku hiyo hiyo, Nakiete alipopita shambani kabla ya giza, alikuta maua ya kwanza chini. Hayakuwa mengi. Aliokota moja akaliweka kiganjani, likawa jepesi kama ganda la kitunguu. Alijua hesabu hiyo bila kuambiwa na mtu. Likianguka moja leo, kesho kutwa yanaanguka yote.

*

Waziri aliporudi, alirudi na Mahakama ya Pamoja.

Ilijengwa kwa turubai chini kidogo ya bwawa, pale ambapo mfereji mkuu unapita kabla ya kugawanyika kwenda mashambani. Majaji walikuwa watatu, mmoja kwa kila sheria, na viti vyao vilikatwa miguu asubuhi nzima ili kimoja kisizidi kingine, mpaka mwishowe majaji wote wakawa wamekaa chini kabisa, magoti yakigusa videvu, wakiwa sawa. Redio ya taifa ilileta kipaza sauti. Kijiji kizima kilikuja. Mama Penieli alikaa mbele.

Nakiete aliwekwa katikati, jembe begani, kwa kuwa mtu aliye njiani kufungua maji haweki jembe chini.

"Kabla ya kusikiliza kesi," alisema jaji wa serikali, "mahakama inataka kujua nani atasema kwa niaba ya mama huyu."

"Mimi," alisema Bwana Kitundu.

"Mradi ndio sauti ya wasio na sauti," alisema Dada Violeth.

"Mtu aliye njiani hasemewi," alisema Mzee Mbonea.

Kiangi alisimama. "Mimi ni mumewe. Naomba kusema kwamba maharage..."

"Kaa chini, ndugu. Maharage si sehemu ya kesi hii."

Wakajadiliana. Kila jaji alisikilizwa kwa muda ulio sawa, na mmoja alipokohoa, wenzake walipewa nafasi ya kukohoa. Jua lilipanda. Kule chini, upepo mwepesi ulipita shambani kwa Nakiete, na kutoka pale alipokuwa aliona weupe ukitoka kwenye mimea na kulala ardhini, kidogo hapa, kidogo pale. Alihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

"Shauri hili ni zito," alisema Waziri mwisho wake. "Napendekeza liahirishwe mpaka baada ya mavuno, watu wakiwa wametulia. Tufunge kwa wimbo wa taifa."

Wimbo wa taifa wa nchi hiyo hapo zamani ulikuwa mfupi. Lakini tangu sheria zipewe usawa, kila sheria ilidai beti zake, na Mradi ukaongezea kiitikio chenye kupiga makofi. Sasa uliweza kumaliza betri ya redio. Na kulikuwa na jambo moja ambalo sheria zote tatu zilikubaliana nalo, jambo moja tu katika nchi nzima: wimbo ukianza, hakuna kutikisika. Si mguu, si kope. Aliyetikisika amelitukana taifa, amewatukana wahenga na amewakosea wafadhili.

Wimbo ulianza. Kijiji kikasimama kama mihogo, na majaji, ambao wimbo uliwakuta bado hawajaweza kuinuka, wakabaki pale pale chini.

Nakiete alisimama pia, kwa mazoea, ubeti wa kwanza wote. Kisha alikumbuka kwamba yeye yuko njiani. Mtu aliye njiani kufungua maji hasimami kwa ajili ya mfalme wala msiba, na kama wenyewe walikuwa wamemwambia tangu Alhamisi kwamba bado hajafika, basi hajafika.

Akaanza kutembea.

Alimpita Waziri. Macho ya Waziri yalimfuata mpaka yalipofika mwisho wa kona yake na kukwama, kwa kuwa shingo ilikuwa ya taifa. Kule pembeni, kwenye mgawanyo wa mfereji, Bwana Kitundu alikuwa anaimba huku jasho likimtoka. Alipanda ukingo wa bwawa. Elifuraha alisimama pale mkakamavu, rungu ubavuni, filimbi mdomoni kabisa, na hakuweza kuipuliza.

Nakiete alimtazama. Elifuraha alitazama mbele na kuimba kwa bidii sehemu isemayo kwamba tutailinda daima.

Jembe lilishuka mara moja, lakiri ikapasuka. Aliweka mguu ukutani, akashika mgomba kwa mikono yote miwili, akavuta. Bwawa lilikohoa. Likakohoa tena, likatema tope, na maji ya Alhamisi pamoja na washirika wake wote yakatoka kwa kishindo, mekundu, yenye vyura.

Yaliteremka na mfereji mpaka kwenye turubai. Mfereji haukuwahi kubeba maji mengi kiasi hicho, ukafurika kidogo njiani. Yalipita chini ya majaji waliokaa chini kabisa, na wimbo ukapanda sauti ghafla. Yaliipitia suruali ya Waziri. Yakamzunguka Dada Violeth, ambaye kwa mara ya kwanza alipaza sauti ya juu kuliko wanafunzi wake. Hakuna aliyetikisika. Walikuwa kwenye ubeti wa tano.

Nakiete alikimbia na maji bega kwa bega mpaka kwenye mgawanyo, pale mfereji mdogo unapochepuka kwenda kwake. Pale pale, ndani ya mdomo wa huo mfereji mdogo, alikuwa amesimama Bwana Kitundu, mguu wake wa kulia umeuziba kama kizibo cha mgomba. Maji yalifika, yakapiga kiatu, yakageuka. Yakaanza kwenda kwenye majani ya mtu asiyelima kitu.

Maji yalikuwa yamekwisha toka bwawani. Nakiete alikuwa amefika. Aliweza kusema.

Mtu wa redio, akiwa hajatikisika, alikuwa ameshika kipaza sauti kule kule alikokuwa amekielekeza tangu wimbo uanze, upande wa Bwana Kitundu. Na nchi nzima, majumbani na vilabuni, ilisikia katikati ya beti sauti ya mwanamke iliyokauka kidogo kwa kutotumika:

"Baba, toa mguu. Umeziba maji."

Bwana Kitundu aliimba. Macho yake yalikwenda kwa Waziri, lakini Waziri hakuweza kuyajibu.

"Toa mguu, baba," alisema Nakiete. "Yanapotea."

Ulimi wa maji ulikuwa umeshafika majanini. Bwana Kitundu alitazama mbele, akatazama chini. Alikuwa mtoto wa mkulima, ingawa alikuwa hajawaambia watu, na mguu wake, ambao haukuwahi kusoma sheria hata moja, ulianza kuinuka wenyewe. Uliinuka taratibu, kama wa mtu anayeiba kuku, ukabaki hewani. Bwana Kitundu aliendelea kuimba kwa mguu mmoja, kwa sauti kubwa zaidi, ili mtu asije akadhani.

Maji yakaingia.

*

Wimbo ulipokwisha, Waziri alikamua suruali yake na kupanda jukwaani. Alikuwa ametafakari beti mbili nzima.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo tumeshuhudia jambo la kihistoria. Lakiri ya serikali imevunjwa. Desturi za wimbo, walizoziafiki wazee wetu, zimevunjwa. Utaratibu wa Mradi umevunjwa. Sheria zote tatu zimevunjwa kwa pamoja na kwa kiasi kilekile! Hakuna iliyoonewa! Naomba niulize, kuna usawa gani mwingine tunaoutafuta?"

Watu walipiga makofi. Majaji walipeana mikono huku wakisaidiana kuinuka. Elifuraha alipandishwa cheo hapo hapo kwa kutotikisika akiwa na filimbi mdomoni.

Nakiete hakuyasikia hayo vizuri. Alikuwa katikati ya shamba, miguu mitupu, anayaelekeza maji kwa visigino, tuta hili, kisha lile. Sehemu ya juu, karibu na jiwe, maua yalikuwa yamekwisha dondoka na hapo hapakuwa na la kufanya. Lakini chini yote maua yalikuwa bado yameshika, na udongo ulikuwa unakunywa kwa sauti, kama ng'ombe. Ndeonasia alisimama kando akihesabu vyura. Kiangi alikuja na jembe lake la akiba kumsaidia.

"Mama Ndeo," alisema kwa woga. "Sasa unaweza..."

"Mbuzi wamelala nje," alisema Nakiete. "Siku mbili."

Kiangi alitabasamu mpaka masikioni.

Maji yalipofika tuta la mwisho, Nakiete aliinuka, akanyoosha mgongo, akamwona Mama Penieli kwenye mpaka wa mashamba, mikono kiunoni.

"Wifi!" alimwita. "Kesho alfajiri ni wewe. Anza kunyamaza."

Mama Penieli alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema, kuhusu ugali, kuhusu serikali, kuhusu watu wanaoamriana. Kisha akatazama maharage yake, yaliyokuwa bado na maua, akatazama kule juu bwawani. Bwana Kitundu alikuwa anateremka kwa kiatu kimoja kilicholowa, meza kichwani, akiuliza watu wote njiani mwenye zamu ya kesho anaitwa nani.

Mama Penieli akaufumba mdomo, akaushikilia kwa mikono yote miwili.